Anayejifungua akiwa mfungwa: mtoto wake hulelewa wapi?

Mwanamke mjamzito anayehukumiwa kifungo kirefu mjini Washington, mji mkuu wa Marekani, hukabiliwa na swali moja kabla hata uchungu haujamshika: nani atampokea mtoto? Kanuni za magereza ya serikali kuu hazimruhusu mkuu wa gereza kumpokea mtoto mchanga pamoja na mama yake baada ya kutoka hospitali. Mtoto huyo anaweza kuingia kwa utaratibu mmoja tu, nao ni ule wa wageni wanaokuja kuwatembelea wafungwa.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, ambako si ajabu kumkuta mwanamke mfungwa akiwa na mtoto mgongoni, utaratibu huu unaweza kushangaza. Makala haya yanaeleza jinsi ulivyo na yale ambayo mahali pengine wamejaribu.

Mji usio na gereza

Washington haina gereza lake la wafungwa wa muda mrefu. Kwa miaka mingi wafungwa wake walipelekwa Lorton, katika jimbo jirani la Virginia. Mwaka 1997 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoamuru Lorton ifungwe na wafungwa waliopatikana na hatia ya makosa makubwa wakabidhiwe Idara ya Magereza ya serikali kuu. Lorton ilifungwa mwaka 2001.

Kilichobaki mjini ni jela ya mahabusu na ya vifungo vifupi, kusini-mashariki mwa mji karibu na mto Anacostia. Mwanamke aliyepewa kifungo kirefu husafirishwa. Baadhi wamepelekwa Hazelton, katika milima ya West Virginia, mwendo wa saa tatu hivi kwa gari; wengine wamepelekwa mbali zaidi. Sheria iliyotiwa saini Desemba 2018 inaagiza mfungwa awekwe, inapowezekana, ndani ya maili 500 kutoka nyumbani kwake. Hizo ni kilomita 800, umbali unaokaribia ule wa kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya. Bibi asiye na gari hawezi kumpeleka mjukuu kwa safari ya namna hiyo kila juma.

Miezi mitatu

Magereza ya serikali kuu hayana sehemu zao za kulelea watoto wachanga. Upo mpango uitwao MINT, ambao humruhusu mfungwa asiyehesabiwa kuwa hatari kuhamishiwa katika nyumba maalumu nje ya gereza, miezi miwili hivi kabla ya kujifungua. Baada ya kujifungua, kwa kawaida hupewa miezi mitatu ya kukaa na mwanawe. Kisha mama hurudi gerezani, na mtoto huchukuliwa na mlezi aliyepangwa. Si kila mjamzito anayekubaliwa katika mpango huo. Muda uliobaki wa kifungo ni miongoni mwa mambo yanayotazamwa.

Serikali kuu hutumia pia nafasi chache katika gereza la wanawake la jimbo la Washington, ambako mtoto anaweza kukaa muda mrefu zaidi. Lakini jimbo hilo, licha ya kufanana jina na mji mkuu, liko pwani ya Pasifiki, upande wa pili wa nchi.

Mtoto wa miezi mitatu ameanza kucheka na kuitambua sauti ya mama yake. Huo ndio wakati ambao wengi wao hutenganishwa.

Asiye na ndugu wa kumchukua huwekwa kwa walezi chini ya usimamizi wa serikali. Hapo huanza kufanya kazi sheria nyingine ya mwaka 1997: mtoto akikaa kwa walezi hao miezi 15 kati ya 22, mamlaka zinatakiwa kufungua kesi ya kumwondolea mzazi haki zake, isipokuwa kuwe na sababu zinazokubaliwa, kwa mfano mtoto kulelewa na jamaa. Kwa hiyo kifungo cha miaka miwili kinaweza kumfanya mama ampoteze mwanawe daima, ingawa hakimu hakutoa adhabu hiyo.

Wahamiaji wamo hatarini zaidi. Waafrika Mashariki wengi wanaishi katika vitongoji vya Washington, kama vile Silver Spring na Alexandria. Nyumbani, mtoto aliyekosa mama humpata bibi, shangazi, mama mkubwa au hata jirani. Ugenini, huenda mama huyo ndiye jamaa pekee aliye naye.

Idadi inayoongezeka

Mwaka 1980 wanawake waliokuwa katika magereza na jela za Marekani walikuwa 26,000 hivi. Kufikia mwaka 2019 walikuwa zaidi ya 222,000. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, wakiongozwa na Dk. Carolyn Sufrin, walichunguza magereza ya majimbo 22 na ya serikali kuu kwa mwaka mmoja kati ya 2016 na 2017. Walihesabu karibu wajawazito 1,400 walioingizwa humo, na zaidi ya watoto 750 waliozaliwa.

Baadhi ya wanawake walijifungua wakiwa na minyororo. Baraza la Jiji la Washington lilipitisha sheria ya kuzuia jambo hilo mwaka 2014, na serikali kuu ikafuata mwaka 2018.

Je, mtoto akae gerezani?

Gereza la Bedford Hills, jimboni New York, limekuwa na sehemu ya watoto wachanga tangu mwaka 1901. Mtoto hukaa humo hadi mwaka mmoja, au miezi 18 ikiwa mama anakaribia kuachiliwa. Utafiti wa Mary Byrne wa Chuo Kikuu cha Columbia, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kuwa watoto hao wanaweza kujenga uhusiano imara na mama zao, kama watoto wa nje.

Wapo wanaopinga. Profesa James Dwyer wa chuo cha William and Mary, jimboni Virginia, anasema kuwa dola haina haki ya kumweka gerezani mtoto asiye na kosa, hata kwa nia njema.

Afrika Mashariki inaujua ubishi huo kwa vitendo. Sheria ya magereza ya Kenya inaruhusu mtoto kukaa na mama yake hadi umri wa miaka minne, na gereza la wanawake la Lang'ata, Nairobi, limewalea watoto wengi. Mtoto hupata titi na mapenzi ya mama, lakini hujifunza kutembea ndani ya kuta na kuamka kwa ratiba ya askari. Kanuni za Bangkok, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2010, zinasisitiza kuwa mtoto wa namna hiyo asitendewe kamwe kama mfungwa.

Njia ya tatu

Mkataba wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto, wa mwaka 1990, ambao Kenya, Uganda na Tanzania zimeuridhia, una kifungu cha 30 kinachohusu watoto wa mama wafungwa. Kinataka adhabu isiyo ya kifungo ifikiriwe kwanza.

Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kesi ya mama wa watoto watatu aliyepatikana na hatia ya udanganyifu. Jaji Albie Sachs alieleza kuwa mahakama inapotoa adhabu ni lazima iyapime masilahi ya watoto. Mama huyo aliepushwa na kurudi gerezani, akatakiwa kuwalipa aliowadhulumu na kutumikia jamii. Huku Marekani, jimbo la Minnesota lilipitisha sheria mwaka 2021 inayoruhusu wafungwa wajawazito na waliojifungua karibuni kuhamishiwa nje ya gereza kwa muda wa hadi mwaka mmoja.

Hakuna anayedai kuwa uzazi ufute hatia. Lakini uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mtoto hakushitakiwa wala hakuhukumiwa. Swali la nani atampokea, ambalo leo mama mfungwa hulijibu akingojea kujifungua, linastahili kuulizwa mapema zaidi, mahakamani, kabla hakimu hajataja miaka.