Mvulana Aliyeiomba Mirihi Imchukue

Mwaka 1932, katika mji wa Tucson, Arizona, mvulana wa miaka 12 aliamua kuandika kitabu kwa sababu moja tu: hakuwa na pesa za kukinunua. Alikuwa amesoma visa vya John Carter, askari wa Kimarekani anayejikuta kwenye sayari ya Mirihi, na sasa hamu ya kujua yaliyofuata ilimnyima raha. Lakini uchumi wa Marekani ulikuwa umeporomoka, na baba yake, fundi wa nyaya za umeme na simu, alikuwa hana kazi. Basi mtoto akajitungia mwendelezo mwenyewe.

Kifaa chake kilikuwa taipureta ya kuchezea. Haikuwa na vitufe. Ilikuwa na kigurudumu cha kuzungusha mpaka ufikie herufi unayoitaka, uichape, kisha uzungushe tena kutafuta nyingine. Kwa mwendo huo, sentensi moja ni kazi. Hakukata tamaa.

Mvulana huyo ni Ray Bradbury, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa waandishi mashuhuri kabisa wa hadithi za kisayansi na za njozi. Na mwandishi aliyemteka akili utotoni ni Edgar Rice Burroughs, yule yule aliyemtunga Tarzan. Bradbury alikutana na vitabu vyake huko Waukegan, Illinois, nyumbani kwa baba yake mdogo, Bion. Hakuna mwalimu aliyempangia kuvisoma. Alivikuta rafuni, akavichukua, akavisoma mpaka akavijua kwa moyo.

Burroughs mwenyewe hakuwa mtu wa kutajwa kwa heshima kwenye vyumba vya mihadhara. Alianza kuandika akiwa na umri wa miaka 35 hivi, baada ya kuhangaika na kazi nyingi, ikiwemo biashara ya vichongeo vya penseli. Kisa chake cha kwanza cha Mirihi kilitoka kwenye jarida mwaka 1912. Wahakiki waliona vitabu vyake ni vya kupitishia wakati, na msomaji wa Afrika ana hoja nzito zaidi: Burroughs hakuwahi kukanyaga bara hili, na Waafrika wa kwenye Tarzan aliwachora kwa dharau.

Yote hayo ni kweli, na bado mtoto aliwaka. Katika kisa cha kwanza, Carter anaitazama Mirihi usiku, anainyooshea mikono, na sayari inamvuta. Bradbury naye alisimama uani, akainyooshea mikono, akaiomba imchukue. Huko Brooklyn, New York, mtoto mwingine aliyezaliwa mwaka 1934 alisoma vitabu hivyo hivyo na kufanya vivyo hivyo. Huyo aliitwa Carl Sagan. Alikua akawa mwanasayansi wa sayari, na alikuwa kwenye timu ya Viking 1, chombo kilichotua Mirihi tarehe 20 Julai 1976.

Kupenda visa vya aina hiyo kuna gharama yake shuleni. Bradbury alikuwa akikata katuni za Buck Rogers, shujaa wa anga za juu, gazetini na kuzitunza. Wenzake wakamcheka, naye kwa aibu akazichana zote. Baadaye alilia, akagundua kwamba waliomcheka hawakuwa marafiki, akaanza kuzikusanya upya.

Chuo kikuu hakwenda. Hakukuwa na pesa. Alimaliza sekondari Los Angeles mwaka 1938, akauza magazeti barabarani, na kwa miaka kumi hivi akawa anashinda maktaba. Hata riwaya yake maarufu, Fahrenheit 451 ya mwaka 1953, inayohusu nchi ambako vitabu vinachomwa moto, ilianzia maktabani. Rasimu ya kwanza aliichapa katika chumba cha chini cha maktaba ya chuo kikuu cha UCLA, kwenye taipureta za kukodi, senti kumi kwa nusu saa. Mwenyewe alisema ilimgharimu dola 9 na senti 80.

Novemba 1971, chombo cha Mariner 9 kilipokaribia Mirihi, Bradbury na Sagan walikaa meza moja katika chuo kikuu cha Caltech, pamoja na mwandishi Arthur C. Clarke, kuizungumzia sayari hiyo mbele ya hadhira. Wasomaji wawili wa Burroughs, mmoja wa riwaya, mwingine wa darubini.

Bradbury alifariki Juni 2012. Miezi miwili baadaye gari la utafiti la Curiosity lilitua Mirihi, na NASA ikapaita mahali lilipotua Bradbury Landing. Burroughs alikuwa ametangulia: tangu mwaka 1973 moja ya kreta za sayari hiyo inaitwa kwa jina lake.