Beringi Haifi Ghafla: Maabara Inatufunza Nini Kuhusu Chuma cha Visima Vyetu

Ukipita mjini Garissa asubuhi utaona mikokoteni ya punda ikipanda kutoka mtoni Tana na mitungi ya maji. Magurudumu yake ni ya magari yaliyokwisha kufa, ekseli yake pia. Si jambo geni kukuta mmoja umesimama kando ya barabara, gurudumu limelala upande, mwenyewe ameshika nyundo. Ukimwuliza kuna nini atakujibu: "Beringi imekufa." Tunasema hivyo kana kwamba ni mapenzi ya Mungu tu, jambo la siku hiyo. Kumbe beringi hiyo ilianza kufa zamani, na kuna watu ambao kazi yao ni kukaa maabarani wakiangalia chuma kikifa pole pole, wakihesabu mizunguko na kuandika.

Naandika haya hasa kwa ajili ya kamati za maji. Mimi si fundi, kazi yangu ni kukaa na kamati hizo. Lakini nimeona kwamba kitu kinachosimamisha mkokoteni ndicho hicho hicho kinachosimamisha kisima. Huku Garissa, Wajir na Mandera visima vingi vya kuchimbwa kwa mashine vinapita mita 100 kwenda chini, na maji yanaletwa juu kwa nguvu ya jenereta au ya jua. Mashine ikisimama wakati wa jilaal, miezi ile ya ukavu kabla ya mvua za gu, kisima cha pili kinaweza kuwa mwendo wa siku nzima. Ngamia atavumilia. Mbuzi hatavumilia, wala mama mwenye mtoto mgongoni.

Sasa tuelewane kwanza. Chuma kinaharibika kwa njia mbili ambazo sisi huzichanganya. Njia ya kwanza ni kulika: chuma kinasuguana na kingine, au na mchanga, kinapungua kidogo kidogo kama sabuni. Njia ya pili ni kuchoka: chuma hakipungui, unakiona kizima na kinang'aa, lakini kimebanwa na kuachiliwa mara nyingi mno hata ndani yake pametokea ufa.

Kulika hupimwa kwa njia ambayo hata mtoto wa shule anaweza kuielewa. Kipande cha chuma kama kidole kinakandamizwa kwa uzito unaojulikana juu ya sahani ya chuma inayozunguka. Kabla ya kuanza wanakipima kwenye mizani inayoweza kusoma hata sehemu ya kumi ya miligramu. Baada ya mwendo fulani, tuseme mita 1,000, wanakipima tena. Kilichopungua ndicho kilicholiwa. Kuna na jaribio lingine ambalo lingefanana sana na huku kwetu: gurudumu la mpira linazunguka likigusa kipande cha chuma, na katikati yao unamiminwa mchanga mkavu. Mtu yeyote aliyesafiri barabara ya vumbi kwenda Dadaab anajua jaribio hilo, ila tu hakulipwa.

Kazi moja ya namna hiyo ilihusu Kenya moja kwa moja. Mwaka wa 1981 Umoja wa Mataifa ulianza muongo wa maji safi, na UNDP pamoja na Benki ya Dunia wakaanza kuzipima pampu za mkono. Vijijini walifuatilia pampu kama 2,700 za aina 70 katika nchi 17. Maabarani, kazi ilifanywa Harpenden, Uingereza, katika maabara ya chama cha kutetea wanunuzi. Pampu ilifungwa kwenye mashine inayosukuma mpini bila kuchoka, saa 4,000. Kwanza ilipewa maji masafi, halafu maji yenye asidi yanayokula chuma, halafu maji yenye unga laini wa mawe, na mwisho maji yenye mchanga mkali. Piga hesabu mwenyewe: mpini ukisukumwa mara 40 kwa dakika, saa 4,000 ni mara 9,600,000. Pampu ya kijiji inayotumika saa nane kwa siku kwa mwendo huo huo inafika mara milioni 7 kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo yale ambayo kijiji kingeyaona baada ya mwaka na zaidi, maabara iliyaona katika miezi michache, na hakuna mtoto aliyekosa maji.

Huku nyumbani, huko Kwale, mradi wa pampu za mkono ulianza mwaka wa 1983. Kichwa cha pampu kilichokuwa kimetengenezwa Malawi kilikuwa na beringi za gololi kwenye mpini. Hapo ndipo pana funzo. Gololi hupenda kuzunguka mduara mzima. Lakini mpini wa pampu hauzunguki, unapanda na kushuka tu, kwa hiyo gololi inakanyaga pale pale mamilioni ya mara. Grisi inasukumwa pembeni na hairudi. Chuma kinagusa chuma, na unaona unga mwekundu kama kutu. Basi kwenye pampu iliyotokana na kazi hiyo, Afridev, gololi ziliondolewa zikawekwa bushi za plastiki ambazo hazihitaji grisi, na ambazo akina mama wa kamati wanaweza kuzibadilisha wenyewe kwa spana moja. Afridev inafaa kwa kina cha mita 45 hivi, kwa hiyo kwa visima virefu vya huku haiwezi. Lakini wazo lake naliheshimu sana: hawakutafuta kitu kisichoisha, walitafuta kitu ambacho kikiisha mwenyewe anaweza kukibadilisha.

Tuje kwenye kuchoka, maana hapa ndipo pesa za kamati hupotelea.

Gololi inapobeba mzigo, inagusa ringi yake mahali padogo, pengine padogo kuliko punje ya ufuta. Mjerumani Heinrich Hertz alionyesha mwaka wa 1881 jinsi ya kuhesabu mgandamizo wa mahali kama hapo. Katika beringi iliyobeba mzigo mzito unaweza kupita kilo 10,000 kwa kila sentimita moja ya mraba. Tairi ya gari ndogo inakandamiza barabara kwa kilo mbili au tatu tu kwa kipimo hicho hicho. Na nguvu inayotaka kukikata chuma haiko juu kabisa, iko chini kidogo ya ngozi yake. Ndiyo maana ufa huanzia ndani, mahali ambapo jicho halifiki, na siku utakapotokeza nje kipande kidogo kama ganda kinabanduka. Toka hapo beringi inaanza kuguna.

Maabarani wanafunga beringi nyingi za aina moja, siyo moja, wanazipakia mzigo mzito na kuziachia zizunguke usiku na mchana. Kifaa kinachosikia mtetemo kinazima mashine mara tu ganda la kwanza linapobanduka. Na hapa kuna jambo la kushangaza. Beringi zilizotoka kiwanda kimoja, siku moja, chuma kimoja, mzigo mmoja, hazifi pamoja. Moja inaondoka mapema, nyingine inaishi mara nyingi zaidi ya hiyo. Kwa sababu hiyo umri ulioandikwa kitabuni hauna maana kwamba yako itafika. Maana yake ni kwamba kati ya beringi 100, 90 zitafika na 10 hazitafika. Kamati inayosema "tutanunua ya akiba ikikaribia muda wake" haijaelewa hesabu hii. Nani amekuambia yako si mojawapo ya zile kumi?

Hesabu nyingine iliandikwa Sweden mwaka wa 1947 na Gustaf Lundberg na Arvid Palmgren. Ukiongeza mzigo wa beringi ya gololi mara mbili, umri wake haupungui nusu kama tunavyodhani. Unabaki sehemu moja ya nane. Beringi ya rola, kama zile zilizoko kwenye magurudumu mengi ya mikokoteni, inabaki kama sehemu moja ya kumi. Rudi sasa kwa yule mwenye punda. Akipakia mitungi 20 badala ya 10 anaona amepata faida ya safari moja. Beringi iliyokuwa imfikishe miezi kumi imebakiwa na mwezi mmoja, na punda simsemi. Kwenye jenereta mambo ni yale yale: mkanda uliokazwa kupita kiasi "ili usiteleze" ni mzigo ambao hauonekani, unaobanwa kwenye beringi mchana kutwa.

Halafu kuna uharibifu unaotokea mashine ikiwa imelala. Katika miaka ya 1930 huko Marekani magari mapya yalisafirishwa kwa treni, yakafika na beringi za magurudumu zina alama, hata kabla ya kuendeshwa. Mtikiso wa safari ulikuwa umezigonga gololi mahali pamoja, ni ugonjwa ule ule wa mpini wa pampu. Fikiria basi jenereta inayotoka Nairobi juu ya lori. Mpaka Garissa ni lami, lakini mbele ya hapo kuna sehemu ambazo kila mtu anazijua. Mashine isimamishwe juu ya kitu kinachonyonya mtikiso, matairi ya zamani yanatosha, na shafti ifungwe isicheze.

Oili nayo ina jaribio lake. Tangu mwaka wa 1933 kuna mashine ya gololi nne: tatu zimefungwa ndani ya kikombe cha oili, ya nne inazunguka juu yake. Baadaye wanapima kovu kwa hadubini. Kovu likiwa kubwa, oili haikulinda. Oili iliyokwisha kutumika imebeba masizi na unga wa chuma, na kuirudisha kwenye injini ni kama kutia ule mchanga wa Harpenden kwa mkono wako mwenyewe. Vitabu vya injini nyingi ndogo husema oili ibadilishwe kila saa 250. Wakati wa jilaal kisima kikifanya kazi saa 16 kwa siku, saa 250 ni siku 15 na kidogo. Sijui kamati ngapi zinabadilisha mara mbili kwa mwezi. Zile nyingi ninazozijua hungoja mwezi uishe.

Wakati wa kununua, soma namba iliyochongwa kwenye ringi yenyewe, siyo boksi tu. Kwa beringi za kawaida za gololi, tarakimu mbili za mwisho, kuanzia 04, ukizizidisha kwa tano unapata unene wa shafti kwa milimita: 6305 ni ya shafti ya milimita 25. Herufi 2RS zina maana imezibwa kwa mpira pande zote mbili. ZZ imefunikwa kwa bati tu. Kwa vumbi letu mimi ningechukua ya mpira, mradi mahali penyewe hapapati joto kali. Bandia ziko nyingi, na nyingine ni nzee zilizosuguliwa zikang'aa. Sheria ya kupambana na bidhaa bandia ilipitishwa mwaka wa 2008, lakini bila risiti yenye jina la duka huna la kumwonyesha afisa.

Visima vingine sasa vimepewa sola, na nasikia watu wakisema taabu ya spea imekwisha. Injini ndiyo imeondoka, siyo pampu. Kule chini bado kuna kitu kinachozunguka ndani ya maji, na kama kisima kinatoa mchanga, kinalika. Hakuna anayekiona, ila kuna kipimo cha bure. Mwenye kisima aandike kila mwezi, saa sita mchana jua likiwa kali, tanki limechukua muda gani kutoka alama ya chini mpaka ya juu, bila mtu kuteka. Likiwa lilichukua saa nne na sasa linataka tano, na paneli zimefutwa vumbi, na kina cha maji kisimani hakijashuka wala bomba halivuji, basi pampu inaliwa, na hiyo saa moja ndiyo muda wa kamati kuanza kuchanga kabla ya jilaal.