Kompyuta hutambuaje faili lililobadilika?

Juma hili tunaangazia nakala za akiba, na hasa swali moja: kompyuta inayotumia mfumo wa UNIX hujuaje ni faili lipi limebadilika tangu jana?

Swali hili si la wataalamu peke yao. Katika idhaa moja niliyowahi kuitumikia, mwenzetu aliyekuwa akistaafu alituachia diski yenye mahojiano aliyoyarekodi mwaka 2003 na wazee wa pwani. Tuliyanakili katika kompyuta kuu, tukaifuta diski, tukatulia, kwani kila usiku programu ilichukua nakala ya akiba. Majuma machache baadaye kompyuta hiyo iliharibika. Tulipoifungua akiba, mahojiano hayakuwamo. Na programu haikuwa na hitilafu yoyote.

Kunakili kila kitu kila siku huchukua muda mrefu na hula nafasi. Kwa hiyo nakala kamili huchukuliwa mara moja, mathalani kila Jumapili, na siku zinazofuata huchukuliwa yale tu yaliyobadilika. Programu ya dump hufanya hivyo kwa ngazi kuanzia 0, ambayo ni nakala kamili, hadi 9.

Ili kujua kilichobadilika, programu hailisomi faili zima. Husoma ainodi, yaani rekodi fupi ambayo mfumo huiweka kwa kila faili: ukubwa wake, mwenyewe, ruhusa zake, pamoja na nyakati tatu. Wa kwanza ni wakati faili liliposomwa mara ya mwisho. Wa pili, yaliyomo yalipobadilishwa. Wa tatu, ainodi yenyewe ilipobadilishwa. Nyakati hizo huhesabiwa kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970.

Wengi hudhani wakati wa pili unatosha, na hapo ndipo tulipoumia. Wakati huo mtumiaji anaweza kuurudisha nyuma kwa amri ya touch, na programu ya kunakili ikiagizwa kuhifadhi tarehe asilia hufanya vivyo hivyo, tena kwa nia njema. Mahojiano yetu yaliingia jana yakiwa na tarehe za mwaka 2003. Programu ya akiba ikayaona ni ya kale, ikayapita.

Wakati wa tatu huandikwa na kiini cha mfumo chenyewe, na hakuna amri ya kawaida ya kuupanga upendavyo. Laiti programu yetu ingeutazama! Dump hutazama wakati wa pili na wa tatu. Kweli, ukibadilisha ruhusa za mafaili elfu kumi bila kugusa yaliyomo, yote yatanakiliwa upya. Kwangu mimi hiyo ni gharama ndogo.

Hata hivyo, ukiihamisha folda nzima ndani ya diski ile ile, mafaili yaliyomo hayaguswi, na nyakati zake hubaki vilevile. Nalo faili lililofutwa halina tena ainodi ya kuulizwa. Ndiyo maana GNU tar inaweza kuweka orodha ya folda na majina yaliyokuwamo, kisha safari inayofuata ikailinganisha na hali iliyopo.

Rsync, iliyotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras, hulinganisha ukubwa na wakati wa pili wa faili la upande huu na la upande wa pili. Hiyo ingeyachukua mahojiano yetu, kwa kuwa upande wa pili hayakuwapo kabisa. Lakini faili lililobadilishwa likabaki na ukubwa na tarehe zilezile litaipita, isipokuwa iagizwe kusoma yaliyomo yote na kuyakokotolea hesabu ya uhakiki, kazi ambayo huenda polepole mno.

Mahojiano mawili tuliyapata baadaye katika kaseti alizobaki nazo mwenzetu nyumbani. Mengine hayakupatikana.