Sumu Ndani ya Chupa ya Soda

Bomba la karo linapoziba, wengi wetu humtuma mtoto dukani akalete dawa ya kuzibulia. Hurejea na asidi iliyotiwa katika chupa ya soda, au kifuko cha kostiki soda, bila jina wala onyo. Inayobaki huwekwa chini ya karo, pale pale mkono wa mtoto mdogo unapofika.

Kostiki soda ni nyeupe mithili ya sukari. Ikimezwa huunguza koo na umio, na kovu lake laweza kuziba njia ya chakula. Huko Marekani, daktari Chevalier Jackson aliwatibu watoto waliofikwa na msiba huo, wengine wasiweze kumeza hata maji. Hakutosheka na kutibu. Aliwasihi watunga sheria, hata mwaka 1927 ikapitishwa sheria kwamba vyombo vya dawa hizo kali viandikwe jina la kilichomo, neno “sumu”, na maelezo ya huduma ya kwanza.

Madhara hayaishii jikoni. Dawa hizi zikimiminwa kwa wingi huua vijidudu vinavyoyeyusha uchafu ndani ya tangi la choo, nalo likajaa upesi. Tena ardhi ya pwani yetu ni ya matumbawe, ina matundu. Tunachokimwaga chaweza kupenya hadi kisima cha jirani.

Mtume (S.A.W.) ametukataza kudhuru na kudhuriana. Muuzaji anayejaza asidi katika chupa ya kinywaji ajiulize atajibu nini. Nasi tusinunue kisichoandikwa, na tuwatake wawakilishi wetu wapige marufuku uuzaji huo.

Nyumbani, tuanze kwa wavu juu ya tundu la karo, maji ya moto na waya wa kuzibulia. Mafuta ya kukaangia tusiyamwage bombani. Tusichanganye kamwe asidi na dawa ya kung'arishia nguo, kwani hutoa hewa ya sumu. Mtoto akimeza, asilazimishwe kutapika. Asukutuliwe kinywa, akimbizwe hospitali pamoja na chupa yenyewe.

Watoto ni amana. Leo, kabla ya Magharibi, tuinameni chini ya karo zetu tutazame kilichowekwa hapo.