Chui wa Unguja na Nasaba Yake

Mtoto wa Jang'ombe, akienda kwa miguu hadi makumbusho ya Mnazi Mmoja, hakikumshika kitu kama yule chui wa Unguja aliyekaushwa, umbo lake dogo, madoa yake madogo madogo yamesongamana. Wazee walimgawa chui mafungu mawili, wa mwituni na wa kufugwa, yaani yule aliyesadikiwa kuwa na mwenyewe, akitumwa usiku kwa mahasimu. Na wakisikia habari zake, swali la kwanza lilikuwa: chui wa nani?

Wanabiolojia nao huuliza nasaba, ila kwa njia nyingine. Kwa kauli mashuhuri ya Ernst Mayr ya mwaka 1942, spishi ni jamii ya viumbe wanaozaana wao kwa wao katika maumbile yao, wakiwa wametengana kiuzazi na wengineo. Ndiyo maana punda na farasi, ijapokuwa hupata baghala, huhesabiwa mbali mbali, kwani baghala mwenyewe aghalabu ni tasa. Juu ya spishi ipo jenasi, ambamo chui hukaa pamoja na simba. Juu yake familia, anamoingia hata paka anayengoja matumbo ya changu pale Darajani. Kisha oda ya wala nyama, na hapo, paka apende asipende, mbwa ni jamaa yake.

Lakini bahari ilipopanda mwishoni mwa zama za barafu na kukitenga kisiwa, chui wetu hakukutana tena na mwenziwe wa bara, basi nani angejua kama wangezaana? Mwaka 1932 mtaalamu wa wanyama Pocock, kwa kuangalia umbo na madoa, alimpa daraja la nususpishi, akamwita Panthera pardus adersi kwa heshima ya Dakta Aders, ambaye paa nunga naye alikwisha kupewa jina lake tangu 1918. Mwaka 2017 wataalamu wa paka wa shirika la uhifadhi la IUCN wakalifuta daraja hilo, wakamrejesha kwa chui wa Afrika nzima. Na mimi, niliyezoea kumwita chui wetu, nakiri kwamba uamuzi huo haukunifurahisha.

Yeye mwenyewe hayo hayakumdhuru. Kilichomdhuru ni mgawo wa mtaani: baada ya Mapinduzi ya 1964, katika kampeni ya mganga aliyeitwa Kitanzi dhidi ya uchawi, chui wa kufugwa aliwindwa, na mwenye bunduki hakuwa na njia ya kumtofautisha na wa mwituni.