Kuvu wa Udongoni Katika Vitalu vya Maua



Ndugu wanafunzi na wazazi, wengi wetu hapa Segese tunaotesha maua na miti ya kivuli kwenye viriba, wengine kwa kupamba nyumba, wengine kwa kuuza. Mara nyingi mtu huona utando mweupe juu ya udongo, akashituka na kukimbilia dawa dukani. Katika makala hii tunaeleza utando huo ni nini, na ni lipi hasa la kuogopa.

Kuvu, au fangasi kama tulivyozoea kuwaita, si mimea wala si wanyama. Hawajitengenezei chakula kwa mwanga wa jua. Kitaluni tunaweza kuwagawa katika makundi matatu.

Kwanza ni waozeshaji. Hawa ndio wenye utando mweupe. Huozesha samadi, pumba na majani makavu, mche ukapata chakula. Hawana madhara kwa mche. Wakati mwingine huchipuza viuyoga vya manjano kiribani. Watoto waambiwe visiliwe. Si sawa na uyoga wa kichuguuni tunaoujua.

Pili ni washirika. Hujiunga na mizizi, wakailetea maji na fosforasi kutoka mahali isipofika, nao mmea huwalipa sukari. Misindano ilipoletwa Afrika Mashariki kutoka ng'ambo, miche yake ilidumaa vitaluni mpaka ilipochanganyiwa udongo wa chini ya misindano mikubwa, wenye kuvu hao.

Tatu ni maadui. Hawa huleta kinyausi: mche mchanga hulainika pale shina linapogusa udongo, ukaanguka ungali kijani. Wanaosababisha ni Rhizoctonia, Fusarium na Pythium, ingawa huyu wa mwisho wataalamu wa leo hawamhesabu kuwa kuvu halisi. Tuta zima laweza kulala kwa siku chache, na fedha ya mbegu ikapotea.

Maadui hawa hupata nguvu kwa maji mengi na msongamano. Kwa hiyo tuzingatie haya:

1. Tumwagilie asubuhi, kwa kiasi. Israfu ya maji tumekatazwa hata katika udhu; kitaluni huua miche.
2. Tusie mbegu kwa nafasi, na viriba vitobolewe chini.
3. Kabla ya kusia, tuloweshe udongo na kuufunika kwa nailoni angavu juani kwa wiki 4 hadi 6. Joto hupunguza sana maadui.
4. Samadi iwe imeoza vizuri.
5. Tusijaze viriba mchanga wa marudio ya dhahabu. Huweza kuwa na zebaki, ambayo ni sumu kwetu na kwa viumbe vya udongoni.
6. Mche ulioanguka uondolewe pamoja na udongo wake.

Dawa iwe ya mwisho, kwa ushauri wa bwana shamba, kwani dawa nyingine huua adui pamoja na mshirika. Tusimwue msaidizi kwa kosa la mwingine.