Namba ya Dainamomita na Hukumu ya Mita 402

Mwenye Subaru ya tabo akitoka kwa fundi na karatasi inayosema nguvu farasi 300, huamini kwamba gari lenye 260 haliwezi kumpita. Kisha wanakutana kwenye njia iliyonyooka ya mita 402, naye anapitwa. Si lazima fundi awe amedanganya. Dainamomita, yaani mashine iliyotoa karatasi hiyo, na njia ya mbio havipimi kitu kimoja.

Kwenye dainamomita gari hufungwa kwa mikanda, magurudumu yakazungusha ngoma nzito za chuma. Kipimo hufanywa katika gia moja tu, mara nyingi ya nne, kuanzia mizunguko 2,000 hivi kwa dakika hadi injini ifike kikomo. Moshi wa ekzosi hupata sekunde kadhaa za kuizungusha tabo mpaka presha ijae. Kwenye mbio hakuna nafasi hiyo. Gia ya kwanza huisha upesi, pengine kabla tabo haijajaa, na kila dereva anapoachia mafuta ili abadilishe gia, presha hushuka ikabidi ijengwe upya. Ndiyo maana tabo kubwa yenye kilele kirefu kwenye mchoro huweza kushindwa na ndogo inayojaa mapema. Usitazame kilele peke yake. Tazama nguvu iliyopo kati ya mzunguko unaoingilia gia na ule unaotokea.

Jambo la pili ni joto. Tabo huigandamiza hewa, na hewa iliyogandamizwa hupata moto. Karakanani kipoza hewa hutegemea feni, ambayo ni nadra kufikia upepo wa gari linalokwenda kilomita 150 kwa saa. Hewa ikizidi moto, kompyuta ya injini huchelewesha cheche ili kulinda pistoni, na nguvu hupungua. Kwa sababu hiyo jaribio la tatu mfululizo mara nyingi hutoa namba ndogo kuliko la kwanza. Lakini gari lililosubiri zamu juani, injini ikinguruma, nalo huanza mbio likiwa limekwisha kupungukiwa.

La tatu linawahusu hasa wakazi wa nyanda za juu. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa yake ni pungufu ya ile ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Mashine nyingi huzidisha matokeo ili yalingane na hali ya pwani. Kwa injini isiyo na tabo hesabu hiyo ni ya haki. Injini ya tabo, hata hivyo, huweza kufidia sehemu ya upungufu kwa kuizungusha tabo kasi zaidi, hivyo kuzidisha tena ni kuilipa mara mbili. Hapo karatasi hutia chumvi bila fundi kukusudia.

Njia ya mbio nayo hutoa namba mbili. Muda huharibiwa na matairi yanayoteleza, klachi iliyochoka na dereva mzito wa mkono. Kasi ya mwisho husema kweli zaidi kuhusu nguvu. Gawanya nguvu farasi za injini kwa kilo za gari pamoja na dereva, tafuta kipeuo cha tatu, kisha zidisha kwa 289. Utapata makisio ya kasi kwa kilomita kwa saa. Gari la kilo 1,400 lenye nguvu 250 litamaliza kwa karibu 163; lenye 300, kwa karibu 173. Karatasi ikisema 300 na kasi ikabaki 163, kagua joto na presha, kisha uitilie shaka karatasi.

Dainamomita ni chombo bora cha kulinganisha gari lilelile kabla na baada ya matengenezo, kwenye mashine ileile. Isitumike kushindania namba za karakana mbili. Mwombe fundi wako namba isiyozidishwa, uliza kama imepimwa magurudumuni au imekisiwa ya injini, na kaithibitishe kwenye njia iliyofungwa kwa ajili ya mbio, kamwe si kwenye barabara ya umma.